Msafara wa Baisikeli Katika Masika

Mtu akaaye Temeke, karibu na njia itokayo Mbagala, akiamka kabla ya adhana ya alfajiri husikia mlio usiofanana na mlio wa gari. Ni mlio wa minyororo iliyokosa mafuta na wa keria za chuma zinazolia kwa uzito. Hao ni wachukuzi wa mkaa. Huja kwa mstari, watu watano au kumi, kila mmoja na magunia mawili au matatu yaliyofungwa nyuma ya kiti kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, hata aliye nyuma yake hakioni kichwa chake. Siku hizi pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, walakini baisikeli haijatoweka, kwa kuwa hainywi petroli.

Watu hawa hawaendi pamoja kwa ajili ya mazungumzo tu. Baisikeli yenye magunia matatu ikianguka, mwenyewe hawezi kuiinua peke yake. Katika kupanda kilima wawili huisukuma ya mwenzao mpaka juu, kisha hushuka tena kuzifuata zao. Tairi ya mmoja ikipata pancha, wote husimama. Kwa hiyo mwendo wa kundi zima ni mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo, na hakuna anayeona haya kwa jambo hilo, maana kesho dhaifu atakuwa mwingine. (Mkaa wenyewe una hasara yake. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1954, na juu ya hayo sehemu kubwa imekatwa na kuchomwa katika matanuri. Lakini habari ya misitu yastahili somo lake yenyewe.)

Pana watu wengine waendao kwa baisikeli kwa makundi, nao hawachukui mzigo wo wote wa kuuza. Ni wageni watokao Ulaya na Marekani, wanaolipa fedha nyingi ili wapande vilima na kupita katika matope. Mchukuzi wa mkaa huwatazama kwa mshangao, naye ana haki ya kushangaa. Baisikeli zao huitwa za milimani, na asili yake ni ya kuchekesha kidogo. Katika jimbo la California, Marekani, uko mlima uitwao Tamalpais. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walinunua baisikeli kuukuu za zamani, nzito, zenye matairi manene, wakashuka nazo mlimani kwa kasi. Breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, penye mafuta mazito. Walipofika chini mafuta yale yalikuwa yamekwisha ungua, ikawapasa kuyatia upya. Ndiyo sababu mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, yaani kujaza tena. Baadaye mafundi, mmoja wao Joe Breeze katika mwaka 1977, waliunda baisikeli zilizokusudiwa kazi hiyo hasa. Basi baisikeli ya mgeni, yenye gia nyingi na bei ya kutisha, ni mjukuu wa baisikeli nzito kama ile ya mchukuzi wa mkaa.

Safari nyingine za wageni hao ni ndefu ajabu. Mwaka 2003 kundi moja lilitoka Cairo mwezi wa Januari, likafika Cape Town mwezi wa Mei, mwendo wa zaidi ya kilomita 10,000. Msafara huo huitwa Tour d'Afrique, na tangu hapo umefanywa mara nyingi. Hupita Tanzania kwa njia ya Arusha na Mbeya katika majira ya mvua, na katika njia za udongo mweusi wa mbuga matope hushika magurudumu hata yasizunguke, mtu akaichukua begani baisikeli ambayo ilikuwa imchukue yeye. Lakini si lazima kwenda mbali hivyo ili kujua mvua inavyowafanya waendao kwa baisikeli. Vilima vya Pugu vyatosha.

Vilima hivyo viko upande wa magharibi wa mji wa Dar es Salaam, yapata kilomita 20 kutoka bandarini. Si virefu, mahali palipo juu kabisa hapazidi sana mita 300 juu ya bahari. Wamisionari Wabenediktini walijenga huko mwaka 1888, na mwaka uliofuata kituo chao kikaangamizwa katika vita vya Abushiri. Katika shule ya Pugu ndipo alipofundisha Julius Nyerere kabla ya kujiuzulu kazi ya ualimu mwaka 1955. Udongo wa vilima ni wa namna nyingi, na mahali pengine ni mweupe kama unga. Huo ni kaolini, udongo unaofaa kwa vyombo vya kauri. Ukiwa mkavu haudhuru mtu. Ukilowa ni kama sabuni.

Jambo kubwa kuliko yote, ambalo aendaye huko hana budi kulikumbuka, ni kwamba mito ya mji huu huzaliwa katika vilima hivyo. Msimbazi hutoka huko, hupita bondeni mpaka Jangwani, na kuingia baharini penye daraja la Selander. Kizinga hutoka huko, hushuka Temeke mpaka Mtoni. Mzinga pia hushuka kutoka upande huo huo mpaka Kongowe na kuingia katika mkono wa bahari ulio nyuma ya bandari. Mvua ya Pugu leo asubuhi ni maji ya Temeke leo alasiri.

Mfano wa msafara katika vilima hivyo ni huu. Wageni sita, wanaume wanne na wanawake wawili, wanatoka Temeke saa kumi na mbili asubuhi katika mwezi wa Aprili, pamoja na kiongozi aliyezaliwa Temeke. Wawili katika wale sita watapanda ndege usiku ule ule kurudi kwao. Mvua haijaanza, lakini mawingu yamelala juu ya vilima. Kabla ya kuondoka kiongozi anawapa maagizo machache. Aliye mbele atasimama katika kila njia panda mpaka aliye wa mwisho afike. Watahesabiwa kila watakaposimama. Mtu asivuke maji yo yote yanayokwenda kabla ya kuambiwa. Wageni wanaitikia, ila kijana mmoja mwenye nguvu anacheka kidogo, kwa kuwa amekwisha panda milima ya Ulaya yenye theluji, na vilima vya mita 300 si kitu machoni pake.

Wanapita Gongo la Mboto, wanafika Pugu, wanapanda kuelekea Kisarawe. Hapo mvua inaanza, nayo haianzi kwa matone. Mvua ya masika pwani husikika kwanza juu ya majani ya msitu, kama kundi kubwa la watu wanaokuja mbio, kisha huwa juu ya mtu mara moja. Katika dakika tano hapana aliye na uzi mkavu. Mfereji ulio kando ya njia unajaa, na njia yenyewe inakuwa mfereji.

Kijana mwenye nguvu anafika juu wa kwanza, naye hasimami penye njia panda. Anashuka upande wa pili kwa kasi. Baisikeli yake ina breki za sahani, yaani sahani ndogo ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, ambayo mvua haiidhuru sana. Baisikeli za kawaida zina vipande viwili vya mpira vinavyobana ukingo wa gurudumu. Ukingo wa chuma ukilowa, maji hukaa kati ya mpira na chuma, na baisikeli huendelea kwenda ijapokuwa mwendeshaji amebana kwa nguvu zake zote. Kijana analijua hilo, naye anazitumaini breki zake. Kosa lake ni kusahau ya kuwa breki husimamisha gurudumu, haisimamishi baisikeli. Kazi ya kuisimamisha baisikeli ni ya ardhi, na ardhi ya mahali pale ni udongo mweupe uliolowa. Gurudumu la mbele linasimama kama alivyotaka, nayo baisikeli inaendelea kuteremka kwa ubavu, na yeye pamoja nayo, mpaka kichakani.

Wenzake wanapofika, wanamkuta ameketi chini ya mwembe pamoja na wachukuzi watatu wa mkaa waliojikinga mvua. Goti limechubuka, si sana. Baisikeli ndiyo iliyoumia: mkono wa gia wa nyuma umepinda ukaingia katika spoki, na mnyororo umekwama.

"Poleni, ndugu zangu," anasema kiongozi.

"Tumekwisha poa," anajibu mchukuzi aliye mkubwa, mtu mwenye mvi chache kidevuni. "Mgeni wenu ameshuka kama gunia lililokatika kamba. Tulimpigia kelele, hakusikia."

"Ahsante kwa kumkalisha, mzee. Hii baisikeli yapona?"

Mzee anaichukua, anaigeuza miguu juu, anaitazama kitambo. Baisikeli yake mwenyewe imeegemezwa mtini. Haina gia hata moja, wala breki, na anaposhuka hukanyaga tairi kwa soli ya katambuga. Hajawahi kuunda kitu cha namna ile ya mgeni, lakini mnyororo ni mnyororo. Anaomba msumari kwa kijana wake. Analaza mnyororo juu ya jiwe, anaitoa pini moja kwa msumari na jiwe jingine, anapunguza pingili kadhaa, anaurudisha mnyororo juu ya meno ya gurudumu bila kupita katika mkono ule uliopinda, kisha anaigonga pini mahali pake. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Baisikeli ya gia ishirini na zaidi sasa ina gia moja, kama ya mzee, nayo inakwenda.

Kijana anataka kumlipa. Mzee anapokea kiasi kidogo, anakataa kilichozidi, na kusema neno ambalo kiongozi halifasiri mpaka walipokwisha kwenda mbele: kwamba yule bwana alipe kwa kuwasubiri wenzake. Tangu hapo kijana ndiye anayekwenda nyuma. Kwa gia moja hana njia nyingine, na wote sasa wanafuata mwendo wake.

Kutoka Kisarawe wanashuka mpaka Pugu, na kutoka hapo wanashika njia ya Chanika. Mvua haikomi. Katika nchi ya joto watu hudhani kwamba hakuna baridi, lakini mwili huwa na joto la digrii 37 kama uko Ulaya au Temeke, na mwili uliolowa hupoteza joto lake upesi, hasa upepo ukiupiga katika kuteremka. Mmoja wa wanawake wale wawili ananyamaza, meno yanagongana, vidole havikamati tena usukani vizuri. Kiongozi anaona dalili hizo na kuwasimamisha wote Chanika, penye kibanda cha mama auzaye chai. Mama hamwulizi mtu jambo lo lote. Anamvua mgeni koti lililolowa, anamfunika kanga mbili kavu, na kumshikisha kikombe cha chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Wengine wanakula chapati na maharagwe. Baada ya muda mgeni anaanza kucheka, akisema hajapata kuvaa nguo nzuri kama zile. Sukari, nguo kavu na moto: hiyo ndiyo dawa, na nguo kavu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, kwa sababu watu hubeba koti la mvua wakasahau shati la kuvaa baada ya mvua.

Saa nane mvua inakatika. Mawingu yanapasuka, jua linatoka, na mashamba ya muhogo yanatoa mvuke. Kila mtu anafurahi. Wanashika njia ya Msongola ili wapite Mbande na Chamazi mpaka Mbagala, na kutoka Mbagala Temeke si mbali. Wale wawili wenye safari ya ndege wanatazama saa zao. Wakati uko wa kutosha.

Katika bonde mojawapo njiani, mahali penye kijito kinachoingia katika Mzinga, wanakuta watu wamesimama. Kijito hicho wakati wa kiangazi mtoto hukivuka bila kulowa magoti. Sasa upana wake ni kama wa barabara mbili, maji ni mekundu, na katikati yanakunjana kunjana kama kamba inayosokotwa. Miongoni mwa waliosimama wako wachukuzi wale wale watatu. Walikuwa wamewapita wageni walipokuwa wakinywa chai. Magunia yao yamefunikwa nailoni, lakini nailoni imechanika, na mkaa uliolowa wanunuzi huukataa au huutolea bei ndogo. Nyumbani kuna watu wanaongoja fedha hiyo ili wale. Hakuna aliye na haraka kuliko hao, nao wamekaa chini.

"Shikamoo tena, mzee," anasema kiongozi.

"Marahaba. Mmefika saa mbaya."

Kijana mwenye nguvu anatazama ng'ambo. Hapana hata mita 15. Anauliza, kwa kinywa cha kiongozi, kwa nini wasishikane mikono na kuvuka, kwa kuwa mvua imekwisha na maji bila shaka yanapungua.

Mzee hajibu kwa maneno. Anainuka, anamwonyesha fimbo aliyoichomeka ukingoni alipofika. Palipokuwa ukingo wakati ule, sasa pamo ndani ya maji kwa urefu wa shubiri. Jua linawaka, na maji yanapanda.

Sababu yake yaweza kuhesabiwa hata katika daftari la shule. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mita za mraba 7,140. Ikinyesha mvua ya milimita 50 tu, uwanja huo mmoja hupokea lita 357,000, yaani mapipa 1,785 ya lita 200. Sasa mtu na awaze vilima vyote, mashamba yote, na mapaa yote ya mabati kutoka Kisarawe mpaka Chanika, vina viwanja vingapi kama hicho. Mchanga hunywa kiasi. Udongo mfinyanzi hunywa kidogo, na bati halinywi kitu. Yanayobaki hutafuta bonde. Lakini maji hayo yana safari ya kwenda, kama watu walivyo na safari, na yale ya mbali hufika mwisho. Kwa hiyo mto huweza kujaa saa nyingi baada ya mbingu kutakata, na mtu aliye bondeni hudanganywa na jua.

Kijana angali ana shaka. Ndipo mzee anapookota kumbi la nazi, analitupa katikati ya maji, na kumwambia kijana wake mwenyewe alifuate kwa ukingo. Kijana anakimbia kwa nguvu zake zote, na kumbi linampita kabla hajafika kwenye mti wa kwanza. Wageni wote wanaona.

Nguvu za maji haziongezeki sawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu za kumsukuma mtu huzidi mara nne. Mwendo ukizidi mara tatu, nguvu huzidi mara tisa. Maji yaendayo kwa kasi hiyo, yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima, na baisikeli aliyoishika huwa kama tanga, maana maji husukuma magurudumu na fremu pia. Tena hakuna ajuaye yaliyo chini. Jana palikuwa na mchanga. Leo pana shimo.

"Waambie," anasema mzee, "mwaka 2011 mimi nilikuwa Dar es Salaam. Waambie niliona."

Watu wa mji huu wanajua asemalo. Katika siku za kabla ya Krismasi ya mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha, na bonde la Msimbazi likajaa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengine walikaa juu ya mapaa ya nyumba wakingoja kuokolewa. Baada ya maji kupungua, serikali ilizihamisha jamaa nyingi zilizokaa mabondeni na kuzipa viwanja Mabwepande, upande wa Kinondoni, mbali na mto. Mwezi wa Aprili 2014 mafuriko yakaja tena, na watu wakafa tena.

Sasa neno ni la kiongozi, na si neno jepesi. Wawili katika kundi wana ndege usiku. Wakingoja, huenda maji yasipungue mpaka jioni. Wale wawili wanataka kwenda peke yao kutafuta njia nyingine, wengine wabaki. Kiongozi anawaza kitambo, kisha anakataa. Kundi halitagawanyika saa tisa ya alasiri mahali wasipopajua, huku wote wamechoka na baisikeli moja imeunganishwa kwa msumari. Watarudi wote Chanika. Huko atatafuta lori litakalochukua watu na baisikeli kwa njia ya Pugu na Gongo la Mboto. Njia hiyo ni ya lami na ina madaraja, na uwanja wa ndege uko kando yake, kabla ya kufika mjini. Anapiga simu Temeke ili mizigo ya wale wawili ipelekwe uwanjani, iwangoje.

Uamuzi huo una gharama. Lori ni fedha, na njia ya kurudi ni matope yale yale, sehemu ya kupanda, na kijana mwenye gia moja anasukuma kwa miguu karibu njia yote. Hakuna anayeimba. Mwanamke aliyefunikwa kanga anasukuma pamoja naye katika kilima cha mwisho, mkono mmoja juu ya baisikeli yake na mmoja juu ya ile ya kijana, kama wafanyavyo wachukuzi wa mkaa, ingawa hakuna aliyemfundisha. Wanafika Chanika giza likikaribia. Mama wa chai anawaona, anacheka, na kutia kuni motoni. Lori linapatikana saa moja ya usiku, na wale wawili wanaingia uwanja wa ndege na matope mpaka kiunoni, lakini kwa wakati.

Wachukuzi wa mkaa hawana lori. Wanabaki ukingoni, wanashusha magunia na kuyapanga juu ya mawe ili yasinyonye maji ya chini. Mzee anachomeka fimbo ya pili penye ukingo mpya. Saa kumi na moja ukingo umesimama penye fimbo ile. Saa kumi na mbili umerudi nyuma hatua moja. Maji yanapanda upesi na kushuka polepole. Kijana wake anauliza mara mbili kama sasa yafaa, na mara mbili anaambiwa aketi.

Hata ilipokuwa saa mbili ya usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, fimbo ya kwanza inaonekana tena yote, ikiwa katika matope matupu. Mzee anaingia majini kwanza, mikono mitupu, akipapasa chini kwa fimbo ndefu, amefungwa kamba kiunoni, na wenzake wawili wameishika ncha yake. Maji hayapiti nusu ya ugoko. Anafika ng'ambo, anaifunga kamba katika mti, na kupiga mluzi. Kisha wanavusha magunia, moja moja kichwani, na baisikeli baada ya magunia. Wanaingia Mbagala kabla ya usiku wa manane, na kesho yake asubuhi, katika ua mmoja wa Temeke, magunia mawili ya mkaa yamemwagwa juu ya turubai kuanikwa juani, na kuku wanafukuzwa wasiyatawanye.